Herufi Q: Mgeni Mwenye Jamaa Uswahilini

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jamii ya herufi za Kilatini zilizochukuliwa kukiandikia Kiswahili, kuna mgeni mmoja ambaye hakupewa hata kigoda cha kukalia: herufi Q. Mtoto wa shule ya msingi nchini Kenya hufunzwa mapema kuwa alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X, na akishaambiwa hivyo, haulizi tena. Ila mtoto huyo huyo, afikapo chuo kikuu, hukuta miongoni mwa wenzake mtindo wa kuwinda maneno adimu ya Kiingereza na kuyapachika katika mazungumzo na mijadala ili msikilizaji apigwe na butwaa. Hakuna windo linalotamaniwa na wawindaji hao kama neno la Q. Maneno yake ni machache, mlio wake ni wa ajabu, na aghalabu msikilizaji huona haya kuuliza maana.

Makala haya yanayaangazia baadhi ya maneno hayo, maana zake na asili yake, kisha yanauliza swali ambalo wapenzi wa Kiswahili vyuoni wamelikwepa kwa muda mrefu. Msimamo wa makala ni kuwa mwanafunzi hakosei kulijua neno 'quidnunc'. Hukosea anapolijua hilo na asijue siku inayofuata mtondo huitwaje.

Asili ya herufi yenyewe

Kabla ya kuvutiwa na Q kana kwamba ni pambo la Waingereza, ni vyema ikumbukwe kwamba hata kwao ni ya kuja. Herufi hiyo ilianzia kwa Wafoinike, ikapita kwa Wagiriki, ikafika kwa Waroma. Waingereza wa kale waliishi bila ya kuihitaji. Kabla ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, neno liandikwalo leo 'queen' liliandikwa 'cwen', nalo 'quick', ambalo wakati huo lilimaanisha 'hai', liliandikwa 'cwic'. Makatibu waliofuata mtindo wa Kifaransa ndio walioileta Q ikiwa imeandamana na U mithili ya bibi harusi na kungwi wake. Kwa hivyo, anayeitazama Q kama kilele cha Uingereza anautazama mzigo wa mkopo.

Maneno adimu na maana zake

Neno la kwanza ni hilo 'quidnunc'. Limetokana na maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya 'nini sasa?', na tangu karne ya 18 limekuwa jina la mtu asiyetulia mpaka aambiwe kilichojiri kwa jirani. Mswahili ana mdaku, na ana mmbeya. Mdaku huchungulia, mmbeya huvumisha. Kiingereza kimewakusanya wawili hao chini ya neno moja la kukopa, ilhali Kiswahili kimempa kila mmoja kiti chake.

Neno la pili ni 'quondam', lenye maana ya mtu au kitu kilichokuwa na hadhi fulani zamani na sasa hakinayo tena. Mwanafunzi wa sarufi atatabasamu hapa, kwani Kiswahili hakihitaji kwenda Roma kukopa neno la namna hiyo. Kitenzi chenyewe hutosha: aliyekuwa waziri, aliyekuwa rafiki. Viambishi vimeifanya kazi yote.

Yako pia maneno yaliyozaliwa na majina ya watu. 'Quixotic' limetokana na Don Quixote, mhusika wa riwaya ya Mhispania Miguel de Cervantes iliyotolewa kwa sehemu mbili, mwaka 1605 na 1615. Bwana huyo alisoma hadithi za mashujaa hadi akili ikamruka, akavishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Aitwaye kwa neno hilo ni mtu mwenye nia njema na ndoto kubwa zisizotekelezeka. Kusema kwamba anatwanga maji kinuni ni kumpunja, kwa kuwa mtwanga maji hana ushujaa wowote, ilhali Quixote anao tele. Hapa ni haki kukiri kuwa Kiingereza kimepata neno ambalo Kiswahili bado kinalitafuta.

'Quisling' nalo ni jina la Vidkun Quisling, mwanasiasa wa Norway aliyeshirikiana na Wajerumani walipoivamia nchi yake mwaka 1940, akanyongewa hadhi na watu wake na hatimaye kupigwa risasi kwa hukumu ya mahakama mwaka 1945. Jina lake lilianza kutumika kwa maana ya msaliti angali hai. Kiswahili kina msaliti na kina kibaraka, na hilo la pili lina picha ya mwanasesere anayechezeshwa na mkono wa mwingine.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, huenda neno lenye ladha kuliko yote ni 'quark'. Wanafizikia hulitumia kuziita chembe ndogo mno zinazounda protoni na nyutroni. Mmarekani Murray Gell-Mann, aliyeipendekeza nadharia hiyo mwaka 1964, hakulichukua maendelezo ya neno hilo maabarani. Aliyapata katika Finnegans Wake, riwaya ya James Joyce iliyochapishwa mwaka 1939. Wale wanaowauliza wanafunzi wa fasihi kazi yao katika dunia ya sayansi wangefaa kulikumbuka tukio hili: mwanasayansi alipoishiwa na jina, aliliokota kwa mwandishi.

Jamaa wa Q walioko Uswahilini

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani kuwa Q ni mgeni wa mbali kabisa. Lakini akifungua kamusi kubwa ya Kiingereza na kuyatafuta maneno ambayo Q yake haifuatwi na U, atashangaa. Atakutana na 'qadi', 'qibla', 'qasida' na 'qanun'. Wachezaji wa Scrabble duniani huyakariri maneno ya aina hii mithili ya hirizi, kwa sababu Q ina alama 10 katika mchezo huo, na bila U mkononi huwa ni balaa. Kwao ni maneno ya ajabu yasiyosikika nje ya ubao wa mchezo. Kwa mtoto wa Mombasa, Lamu au Unguja, hayo ni kadhi aliyewafungisha wazazi wake ndoa, kibla anachoelekea katika sala, kasida aliyoimba katika maulidi, na kanuni, ala ya nyuzi ambayo baadhi huiita ganuni na ambayo bila ya hiyo taarabu ya Unguja hupungukiwa.

Ni bayana, basi, kuwa uadimu si sifa ya neno lenyewe. Uadimu ni umbali uliopo baina ya neno na asikiaye. Linaloonekana hazina kwenye kabati la mmoja ni chombo cha jikoni kwa mwingine.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelithibitisha jambo hili kwa njia ya kupendeza. Kifungu cha 170 kinachohusu mahakama za makadhi, hata katika nakala ya Kiingereza, hakikuandika 'qadi' kama kamusi za Uingereza zipendavyo. Kimeandika 'Kadhi', kwa K na dh za Kiswahili. Sheria kuu ya nchi imekubali kwamba Kiingereza cha Kenya kimejifunza neno hilo kwa Waswahili.

Jamaa hawaishii hapo. Irabu na konsonanti za Kiswahili zilipoyapokea maneno ya Kiarabu yenye herufi kafu, ambayo wazungu huiandika Q, sauti hiyo ya kooni ililainika ikawa K. Kalamu, karatasi, kabila, kaburi, kahawa, kisa, wakati, dakika, hakika, rafiki, talaka, sadaka, soko na akili, yote yalikuwa na kafu. Anayesema 'Rafiki alileta kalamu na karatasi wakati wa kahawa' amezibeba Q tano pasi na kujua. Hata leo mlango huo haujafungwa. Neno la Kiingereza 'quarantine', ambalo asili yake ni siku 40 ambazo vyombo vya baharini vilizuiliwa kwa hofu ya tauni, limeingia likawa karantini, na maradhi ya Korona ya mwaka 2020 yalilitia katika kinywa cha kila Mkenya.

Je, Q ipewe kigoda katika alfabeti? Wako waandishi wa masuala ya dini ya Kiislamu ambao hawakusubiri ruhusa. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliita tafsiri yake iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969 Qurani Takatifu. Cheo chake kiliandikwa kwa K, kitabu chake kwa Q. Heshima ya kitabu inaeleweka na haistahili kubezwa. Hata hivyo, kwa maandishi ya kawaida, tahajia inayofuata matamshi ya walio wengi ni neema ambayo Waingereza wenyewe wangeitamani. K inatosha. Linalohitajika si kubadili herufi bali kuijua nasaba, kwani asiyejua jamaa zake humkaribisha ndugu kama mgeni na mgeni kama ndugu.

Kamusi kama bahari

Miongoni mwa jamaa hao yuko mmoja ambaye amesahauliwa kuliko wote: neno kamusi. Kwa Kiarabu ni 'qamus', na maana yake ya awali ni bahari kuu. Mwanachuoni Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliliita tungo lake la maneno ya Kiarabu kwa jina lenye maana ya bahari inayozunguka. Kitabu kilivuma hadi jina lake likawa jina la vitabu vyote vya aina hiyo.

Bahari haichagui mto. Swali ni iwapo kamusi za Kiswahili zimekuwa bahari au zimekuwa visima. Waingereza, kwa upande wao, walilichukulia jambo hili kwa ari. Chama cha wanafilolojia cha London kiliamua mwaka 1857 kwamba kamusi zilizokuwepo hazikutosha. James Murray alipopewa uhariri mwaka 1879, alijenga kibanda cha mabati, akawaomba wasomaji wa kawaida wamtumie vikaratasi, kila kimoja kikiwa na neno, sentensi na mahali lilikotolewa. Vikaratasi viliingia kwa mamilioni. Mmoja wa waliovituma kwa wingi, daktari W. C. Minor, alikuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa kosa la kuua. Kazi ilikamilika mwaka 1928. Kanuni ya kamusi hiyo ni kuwa neno likishaingia, halifutwi. Ndiyo sababu 'quidnunc' na 'quondam' yangalipo. Hayakubaki kwa ubora wake. Yalibaki kwa kuwa mtu alijishughulisha kuyaandika.

Mnyama aliyekufa na siku isiyo na jina

Mfano wa 'quagga' unalifafanua jambo hili vizuri zaidi. Quagga alikuwa aina ya punda milia aliyeishi Afrika Kusini, mwenye milia kichwani, shingoni na kifuani, na mgongo wa nyuma wenye rangi ya hudhurungi. Jina lake lilitoka kwa Wakhoikhoi, nao walimwita kwa kuuiga mlio wake. Walowezi walimwinda bila huruma, na wa mwisho ajulikanaye alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Lugha ya Wakhoikhoi wa Rasi nayo imezimika. Mnyama hayupo, kinywa kilichompa jina hakipo, lakini neno lipo, limehifadhiwa chini ya Q katika kamusi ya watu wa mbali.

Uswahilini mambo yako kinyume. Kitu ki hai, jina lake ndilo linakata roho. Siku ya nne kutoka leo huja kila mara jua linapochomoza mara nne, lakini ni vijana wangapi wanaoiita mtondogoo? Wengi wakishavuka kesho kutwa huanza kuhesabu vidole. Mnazi ungali unasimama kutoka Vanga hadi Kiunga, na tunda lake lingali linapitia hatua zile zile: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Asiyekulia pwani hujua dafu na nazi, na hata wa pwani huanza kukisitia kitale. Majahazi yangali yanaundwa Lamu, lakini mkuku, taruma, foromali na demani ni maneno yanayozungukazunguka katika midomo ya mafundi wenye mvi. Kikwi lilikuwa jina la Kibantu la elfu, ila miaka 1000 ilipotimia vyombo vya habari vilikimbilia milenia.

Wapo waliouona msiba huu mapema. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mnamo mwaka 1840, yasingelitufikia kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaeleza. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyeaga dunia mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, ili istilahi za uundaji wa jahazi zisizame, na Umbuji wa Mnazi, iliyochapishwa mwaka 1985, ili za mnazi zisipeperuke. Nabhany huyo huyo ndiye aliyewapa Wakenya neno runinga. Aliyeyatunza maneno ya kale ndiye aliyeweza kuunda mapya, na hilo si sadfa. Vivyo hivyo, neno la kale mwongo, yaani kumi, limefufuka na sasa magazeti ya Kenya huliandika kwa maana ya miaka 10. Neno lililohifadhiwa ni mbegu ghalani. Lililosahauliwa haliwezi kupandwa.

Pingamizi

Ipo hoja kwamba lugha ni kiumbe hai na kwamba maneno hayana budi kufa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Kitu kikitoweka, jina lake lina haki ya kupumzika. Lakini mtondogoo, kitale na mkuku ni majina ya vitu vilivyo hai, na kumzika aliye hai si maumbile bali ni uzembe.

Wengine watasema kuwa kuyafufua maneno hayo ni kuwabebesha wasomaji mzigo, na kwamba mwandishi anayeyatumia hutaka tu kujionyesha. Pingamizi hili lina uzito. Mwanafunzi anayeijaza insha yake maneno ya Kiamu asiyoyaelewa hana tofauti na mwenzake anayerusha 'quondam' katika mjadala. Wote wawili wamelifanya neno kuwa kitenge cha sherehe. Neno adimu lina haki ya kutumika pale tu ambapo la kawaida halitoshi. Koroma si dafu wala si nazi. Anayelitaja kwa jina lake haringi, anasema kweli.

Pingamizi la tatu ni nyeti zaidi: kwamba kuyatukuza maneno ya pwani ni kuwasukuma pembeni wazungumzaji wa bara, ambao leo ndio wengi. Jibu ni kwamba bahari haichagui mto. Neno ikulu lililetwa na Wanyamwezi, na hakuna asemaye kuwa limekipunguzia Kiswahili utamu. Mkulima wa Bungoma na mfugaji wa Kajiado nao wana maneno ya Kiswahili cha kwao yanayostahili karatasi.

Hitimisho

Haifai makala ya namna hii kumalizika kwa malalamiko tu. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu hutawanyika kila likizo hadi pembe zote za nchi. Wako wanaokwenda Wasini na Vanga kunakosemwa Kivumba, Siyu na Faza, Jomvu na Malindi, Kisumu na Isiolo. Iwapo kila mmoja angerudi na vikaratasi kumi tu, kila kimoja kikiwa na neno ambalo hakulikuta katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu wala katika Kamusi Kuu ya Kiswahili, sentensi iliyosemwa na mzee mwenyewe, mahali na tarehe, chama chenye wanachama 100 kingekuwa na vikaratasi 1000, yaani kikwi kizima, kabla ya muhula kuanza. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wala shahada ya uzamifu. Inahitaji kalamu, karatasi na adabu ya kumketia mzee chini na kumsikiliza.

Q itabaki kuwa mgeni katika alfabeti ya Kiswahili, na hakuna ubaya. Lakini mgeni huyo amekuja na habari njema kwa mwenyeji atakaye kupona: kwamba lugha hutajirika kwa kukusanya na kutunza, na kwamba quagga aliyekufa bado ana jina kwa sababu mtu fulani aliliandika. Kitale hakijafa. Kingali juu ya mnazi, kinamsubiri wa kukitaja.